Mahali pa Kuweka Tovuti ya Kituo Chako cha Hali ya Hewa

Umefunga kituo chako juu ya paa, kipimaupepo kinazunguka, kipimamvua kimekaa sawa, na kidude cha sebuleni kinaonyesha joto, unyevu na kanieneo. Sasa unataka jirani, mwalimu wa jiografia wa shule ya karibu, mkulima wa bondeni na ndugu aliyeko Muscat nao wazione namba hizo kwenye simu zao. Hapo ndipo unapohitaji hosti, yaani kampuni itakayoiweka tovuti yako kwenye seva yake usiku na mchana.

Wengi huanza kwa kuuliza ipi ni rahisi. Swali hilo lina haki yake, ila lije la pili. La kwanza ni hili: kituo chako kinatuma nini, na kila baada ya muda gani? Tovuti ya duka au ya kwaya hubadilishwa mara moja moja, na wanaoielemea ni wageni. Tovuti ya kituo cha hali ya hewa huelemewa na mwenyewe, kwa kuwa huandikwa upya kila baada ya dakika chache hata kama hakuna anayeitazama. Kampuni nyingi hazikupanga huduma zao kwa kazi ya namna hiyo, na ugomvi mwingi baina ya wenye vituo na hosti wao huanzia hapo.

Piga hesabu ya kinachotumwa

Kati ya kituo na tovuti kuna programu, mara nyingi ikiwa ndani ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Zinazotumika sana ni Cumulus MX na WeeWX, zote za bure. Programu husoma vipimo vya kituo, kiwe cha Davis au cha Ecowitt, hutengeneza kurasa na michoro, kisha huvipeleka kwa hosti. WeeWX kwa kawaida hufanya hivyo kila dakika 5: mara 288 kwa siku, mara 8,640 kwa mwezi wa siku 30.

Sasa weka uzito. Tuseme kila safari inabeba KB 250 za kurasa na picha za michoro. Hizo ni MB 72 kwa siku, zaidi ya GB 2 kwa mwezi. Ongeza kamera ya anga inayotuma picha ya KB 150 kila dakika 5, unapata GB 1.3 nyingine. Mwenye faiba nyumbani hatalisikia hilo. Lakini mwenye kituo Ifakara au Kitui anayetegemea laini ya simu anaweza kujikuta bando linakula fedha nyingi kuliko hosti mwenyewe, kisha akahangaika kutafuta hosti wa bei ya chini wakati uchungu wote uko kwenye vocha.

Dawa yake ni kuacha kutuma picha za michoro. Tuma namba tupu, halafu simu ya msomaji ichore yenyewe. Cumulus MX ina faili linaloitwa realtime.txt ambalo mwanzo wake huwa hivi:

04/11/25 15:10:00 26.4 88 24.3 9.7 12.9 67 3.6 14.2 1011.8

Soma kutoka kushoto: tarehe, saa, joto, unyevu, kiwango cha umande, wastani wa upepo, upepo wa sasa hivi, unakotoka kwa digrii, mvua inanyesha kwa kasi ya milimita ngapi kwa saa, mvua ya leo, kanieneo. Mstari mzima wa faili hilo haufiki KB 1. Ukiutuma kila dakika, ukajumlisha na data inayotumika kompyuta mbili zinapotambuana kila mara, bado hukaribii zile MB 72. Kurasa zinazokuja na Cumulus MX huchora michoro yake kwa njia hii hii, na kwa WeeWX kuna mwonekano uitwao Belchertown unaofanya vivyo hivyo.

Ukiwa kwenye mipangilio ya programu, kagua jambo jingine ambalo halihusu hosti lakini linahusu thamani ya tovuti nzima. Vituo rasmi vya Afrika Mashariki husoma mvua ya siku saa 3 asubuhi. Programu yako isipoambiwa, itafunga siku saa 6 usiku, na mvua yako ya jana haitalingana na ya mtu yeyote. Cumulus MX ina chaguo la kuanza siku saa 3 asubuhi. Lichague mapema, kabla takwimu hazijawa nyingi.

Vya bure vinafaa wapi

Kama unachotaka ni namba zionekane tu, huenda huhitaji hosti kabisa. Weather Underground itakupa ukurasa bure, na Ecowitt wana tovuti yao ya kuonyesha vipimo vya vituo vyao. Tuma huko, ni jambo jema, maana Afrika ina vituo vichache mno kwenye ramani hizo. Lakini usikufanye huko kuwa ghala lako. Mwishoni mwa 2018 Weather Underground, iliyokuwa chini ya IBM wakati huo, ilifunga njia ya bure iliyokuwa ikitumiwa na programu na tovuti ndogo duniani kote kuchota takwimu zake. Waliokuwa wamejenga kurasa zao juu ya njia hiyo walilazimika kuanza upya.

Majina ya bure nayo yana historia yake. Kampuni ya Freenom iligawa kwa miaka mingi majina ya tovuti yanayoishia na .tk, .ml na .ga. Mwaka 2023 ilisimamisha usajili mpya, Mali na Gabon zikarudisha mikononi mwao majina ya nchi zao, na watu wengi wakaamka tovuti zao hazifunguki. Jina la .co.tz au .co.ke si gharama kubwa kwa mwaka, na ni lako kisheria.

Hosti wa bure anayestahili kuzungumziwa kwa uzito ni GitHub Pages, na mwenzake Cloudflare Pages. Hawa ni imara, wana kasi, na hawaweki matangazo. Tatizo liko kwenye ile hesabu ya safari. GitHub Pages huruhusu tovuti ya hadi GB 1, na kikomo chake cha kawaida ni kujenga tovuti upya mara 10 kwa saa. Kituo kinachotuma kila dakika 5 kinataka mara 12. Cloudflare Pages kwa mpango wa bure hutoa ujenzi 500 kwa mwezi, yaani takriban mmoja kila saa moja na nusu. Kwa hiyo jiulize wasomaji wako ni akina nani. Mkulima anayetaka kujua usiku wa kuamkia leo zilinyesha milimita ngapi anatosheka na ukurasa unaobadilika kila saa, na kwake GitHub Pages ni jibu kamili lisilo na shilingi. Mvuvi anayetaka upepo wa sasa hivi hatosheki.

Seva ya pamoja: uliza kabla ya kulipa

Wenye vituo wengi huishia kwenye seva ya pamoja, ile yenye cPanel (paneli ya kusimamia tovuti), ambako mashine moja hubeba tovuti za mamia ya watu. Ni chaguo zuri kwa bei yake. Ila maneno “bila kikomo” yaliyo kwenye tangazo huhusu nafasi ya diski na data zinazopita. Vikomo vyenyewe viko kwingine, na vitatu vinawagusa wenye vituo moja kwa moja.

Cha kwanza ni ukuta wa usalama. Seva ikiona anwani moja inaingia kwa FTP, njia ya kupakia faili, kila dakika, usiku kucha, inaweza kudhani ni mwizi anayejaribu nywila, na kuifunga. Tovuti haianguki, inabaki wazi ikiwa na namba za saa 8 usiku, nawe unagundua kesho yake.

Cha pili ni idadi ya faili. Kila plani ina kikomo chake, mara nyingi kimeandikwa chini kabisa kwenye masharti. Kamera inayohifadhi kila picha ya dakika 5 huacha faili 105,120 kwa mwaka. Unaweza kuwa umetumia sehemu ndogo tu ya diski, lakini seva ikakataa kupokea chochote.

Cha tatu ni idadi ya maombi yanayohudumiwa kwa wakati mmoja, na hiki ndicho kinachoumiza zaidi kwa sababu hujitokeza siku ya mvua kubwa. Chukulia ukurasa wako unajihuisha kila sekunde 5. Watu 50 wakiufungua pamoja ni maombi 600 kwa dakika. Kila ombi likiamsha programu ya PHP na kuuliza hifadhidata, kikomo kitafikiwa upesi na wageni wataona ujumbe wa kosa namba 508. Faili tupu kama realtime.txt husomwa bila PHP, na seva ndogo tu hulimudu bila kuhema. Kwa hiyo jenga tovuti ya faili tupu, na ujihuishaji uwe wa sekunde 30 au dakika moja. Hakuna anayehitaji kuona joto likibadilika kila sekunde 5.

Kabla ya kulipa, waandikie huduma kwa wateja ujumbe kama huu: “Habari zenu. Nina kompyuta nyumbani inayotuma faili la KB 1 kwa FTPS kila dakika 1, saa 24, kutoka laini ya simu ambayo anwani yake hubadilika. Je, ukuta wenu utaifunga? Kikomo cha faili kwenye plani ndogo ni ngapi? Mnaruhusu SSH na rsync? Bei ya kulipia tena mwaka wa pili ni kiasi gani pamoja na VAT?” Utume Jumamosi jioni. Atakayejibu kila swali kwa namba anafaa. Anayejibu “karibu sana, plani zetu ni bora” bila namba, mwache, hata akiwa wa bei nusu. Jinsi wanavyokujibu ukiwa bado hujalipa ndiyo hali yao bora kabisa.

Swali la bei ya mwaka wa pili si la kuona haya. Punguzo la mwaka wa kwanza ni desturi ya biashara hii duniani kote, na bei kamili hurudi kimyakimya. Jumlisha gharama ya miaka mitatu: hosti, jina la tovuti, na VAT, ambayo kwa kiwango cha kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya. Cheti cha usalama, kile kinachoweka kufuli kwenye anwani, usikilipie. Let's Encrypt hukitoa bure na hosti yeyote wa maana amekiunganisha tayari. Anayekudai fedha kwa cheti cha kawaida anakuonyesha namna atakavyokutendea baadaye.

Ahadi ya kuwa hewani nayo isikubabaishe. Asilimia 99.9 ni dakika 43 za kuzimwa kwa mwezi, na kwa tovuti ya hali ya hewa hiyo inatosha sana. Asilimia 99 tu ni zaidi ya saa 7.

Seva pepe, na seva ya nyumbani

Ukijua Linux kidogo, seva pepe (VPS) ya dola 4 hadi 6 kwa mwezi hukutoa kwenye vikomo vyote hivyo. Hakuna wa kukufunga, unatuma kwa rsync, na WeeWX yenyewe unaweza kuiweka huko. Lakini masasisho ya usalama, ukuta, na kuamka inapozimika ni juu yako. Anayefurahia kazi hiyo aende huko moja kwa moja. Anayetaka kushughulika na mawingu na mvua abaki seva ya pamoja.

Kuiweka tovuti nyumbani kwenye Raspberry Pi ile ile ni rahisi kuliko vyote, na siishauri. Laini nyingi za simu hazikupi anwani ya umma, hivyo utahitaji njia ya kupitia kama Cloudflare Tunnel. Hilo linawezekana na ni bure. Shida ni umeme. Dhoruba inayowafanya watu wafungue ukurasa wako ndiyo hiyo hiyo inayoangusha nguzo mtaani kwako. Tovuti ikiwa kwa hosti, angalau kipimo cha mwisho kinaonekana.

Na hicho kipimo cha mwisho lazima kiseme umri wake. Hili nalisisitiza kuliko bei na kuliko kasi. Weka saa ya kipimo kwa maandishi makubwa juu ya ukurasa, na uweke hati fupi inayogeuza namba zote kuwa kijivu na kuandika “Vipimo hivi ni vya zamani” zikipita dakika 15. Mtu akisoma upepo wa kilomita 12 kwa saa uliopimwa saa tatu zilizopita, akaingiza ngalawa majini, tovuti yako imemdanganya. Hakikisha pia saa ya seva: hosti wengi wako kwenye saa za Ulaya au Marekani, kwa hiyo panga saa za tovuti kuwa Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi.

Hosti awe nchi gani

Mei 2024 ilitoa funzo zuri kwa pwani yetu. Tarehe 4 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na kwa siku kadhaa kila mtu kuanzia Mtwara hadi Tanga alikuwa akitafuta habari za upepo na mvua. Tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na majirani. Fikiria matukio hayo mawili yangeangukia wiki moja. Tovuti iliyo Ujerumani ingekuwa hewani bila dosari, huku mtu wa Kilwa akishindwa kuifikia.

Kwa hiyo kama wasomaji wako wengi wako karibu, hosti mwenye seva Dar es Salaam au Nairobi ana faida ya kweli, na mara nyingi hupokea M-Pesa au Airtel Money, jambo linalokuepusha na kadi na dola. Ila uliza seva iko wapi. Kampuni inaweza kuwa na ofisi Kariakoo na seva Texas. Hakuna ubaya ndani yake, lakini ujue unachonunua. Kama nusu ya wasomaji wako wako Oman na Uingereza, nchi ya seva haina uzito sana. Angalia bei na majibu ya huduma kwa wateja.

Takwimu zikae kwako

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021 jengo la SBG2 la kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa, liliteketea kwa moto. Hakuna aliyeumia, lakini wapo wateja waliopoteza kila kitu, baadhi yao kwa sababu nakala zao za akiba zilikuwa kwenye eneo lile lile. OVH ni miongoni mwa hosti wakubwa wa Ulaya, si kibanda cha mtaani.

Miaka mitano ya mvua ya kijiji chako hainunuliki popote. Hosti apewe nakala ya kuonyesha. Asili ibaki nyumbani. WeeWX huweka rekodi zote katika faili moja la hifadhidata, na Cumulus MX katika folda ya data. Nakili kwenye flashi kila mwezi, na nakala nyingine uweke nyumba nyingine. Kituo cha Davis chenye kihifadhi chake hukumbuka rekodi 2,560, karibu siku 9 kwa rekodi ya kila dakika 5, hivyo kompyuta ikilala wiki moja bado utazipata.

Jina la tovuti lisajili kwa jina lako, kwa barua pepe yako na namba yako ya simu, na ikiwezekana kwa kampuni tofauti na hosti. Ukigombana na hosti, unaelekeza jina kwa mwingine na jioni hiyo hiyo tovuti imehama. Fundi asikusajilie kwa jina lake, hata akiwa mtoto wa shangazi. Na akaunti ya FTP inayotumiwa na kituo iwe na ruhusa ya folda moja tu, nywila yake isifanane na ya cPanel, kwa kuwa imeandikwa ndani ya kompyuta inayokaa wazi usiku na mchana.

Kwa walio Tanzania kuna jambo la kisheria pia. Sheria ya 2019 iliyounda Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, iliipa mamlaka hiyo jukumu la kudhibiti huduma za hali ya hewa nchini. Kabla hujaitangaza tovuti, pita ofisi yao iliyo karibu, waeleze una kituo gani na unataka kuonyesha nini, ufuate utaratibu watakaokupa. Kwenye kurasa zako onyesha ulichopima tu. Utabiri na tahadhari waachie wao, na uweke kiungo kinachompeleka msomaji huko.

Ukishampata hosti wa kukufaa, lipia mwezi mmoja kwanza, hata kama mwaka mzima una punguzo. Washa kila kitu kwa mwendo utakaoutumia kweli, kamera ikiwemo. Zima ruta nusu siku uone ukurasa unasema nini. Waombe jamaa wa mikoa tofauti waufungue wakiwa na laini tofauti, saa 2 usiku mtandao unapolemewa. Mwezi ukipita anwani yako haijafungwa na hakuna shimo kwenye rekodi, lipia mwaka, na ukumbusho wa kulipia tena uuweke kwenye simu wiki mbili kabla ya tarehe yenyewe.